Kinyozi na Mwaridi wa Mama Mkwe

Shemeji yangu ni kinyozi, na kama humjui basi hujawahi kunyolewa. Wembe wake ukipita kidevuni hujui kama umepita mpaka ujipapase. Duka langu la nyuzi na vifungo limepakana na saluni yake ukuta kwa ukuta, kwa hiyo vituko vyake vyote navipata vikiwa bado vya moto. Dada yangu, aliyeolewa naye, huletewa makombo jioni.

Huyu bwana ana wazimu wa maua. Ana wembe wake wa pembeni (si ule wa wateja, jamani!) na huo ndio anaobebeshea miwaridi. Anachonga jicho kutoka tawi la mwaridi mmoja, anachana gome la mwingine, analichomeka humo, anafunga utepe wa nailoni, kisha anarudi nyuma na kuitazama kazi yake kama amemnyoa waziri. Nusu ya mtaa ina miwaridi iliyopita mikononi mwake.

Lakini roho yake ilikuwa kwa mmoja tu, uliokaa ndani ya ndoo mlangoni pa saluni. Majani yake yalikuwa na michirizi ya njano iliyopindapinda, kila jani na mchoro wake. Akaupa jina Bibi Harusi. "Shemeji, njoo uone! Wenzake wanangoja ua, huyu kajipamba mpaka majani!" Nikimwambia mbona maua yenyewe madogo na yamekunjamana, ananijibu sina jicho la uzuri, ndiyo maana bado nalala peke yangu. Mshenzi kweli. Namtupia kifungo, anacheka.

Sasa, kuna mama. Mama yetu hakumpenda. Hakumtukana, maana afadhali angemtukana tukajua moja. Tangu harusi alimwita "huyo mtu wenu", na akienda kumsalimia alipewa kiti cha barazani, chai, haya kwaheri. Shemeji anayetaniana na dunia nzima alikuwa akifika kwa mama mkwe anabaki na shikamoo tu. Na pale mbele ya baraza pana mwaridi mwekundu alioupanda marehemu baba walipohamia nyumba ile. Mama huzungumza nao. Tukimfumania, anajikoholesha.

Basi Shemeji akapata wazo. Asubuhi moja mama alipokwenda kupima presha, akanyata mpaka kwenye mwaridi wa baba, akachomeka jicho la Bibi Harusi kwenye tawi lake nene kuliko yote. Siku likichipua na mapambo yake, mama atafurahi, atamwita mwanangu. Akarudi saluni anapiga mluzi, akanihadithia yote mlangoni huku amemshika mteja kichwa.

Mteja mwenyewe alikuwa karani wa posta. Kushoto ameshanyolewa, kulia bado msitu. Hapo akapita mama mmoja mwenye kitalu cha maua, anakuja kwangu kutafuta zipu. Akasimama kwenye ile ndoo, akageuza jani, akaguna.

"Nani mwenye mgonjwa huyu?"

"Mgonjwa?" Shemeji akatoka na wembe mkononi. "Mama, huyo ni Bibi Harusi!"

"Bibi harusi wa wapi! Hili ni batobato, kama lile la mihogo. Virusi hivi. Mti ukikosa mbolea, jani hupauka tu. Hili limechorwa mistari utadhani mtoto kapewa chaki."

"Tupulize dawa gani?"

"Haipo. Hautakufa leo, utadhoofu pole pole, maua yatakuwa haba. Na ugonjwa huu hauji kwa upepo wala kwa mvua. Unahamishwa na mtu anayebebesha. Ukitoa jicho hapa ukalitia kwenye mti mzima, likishashikana nao, mti wote umekwisha ambukizwa mpaka mizizi."

Shemeji akanitazama.

"Na jicho la leo asubuhi?"

"La leo asubuhi bado halijashikana. Kata tawi lote, chini kabisa, mbali na kidonda. Ukiwahi, unaweza kuuponya. Kimbia!"

Weee! Mbio zake hizo! Shemeji mbele na mkasi wa matawi, mimi nyuma nimebeba viatu mkononi, na nyuma yangu karani wa posta, shuka la saluni shingoni, anapiga kelele: "Kichwa changu jamani! Kichwa changu!" Watu wakatoka madukani. Mmoja akadhani tunafukuza mwizi, akajiunga. Nilicheka mbavu zikauma, na huku moyo unanienda mbio kwa hofu, maana mwaridi ule ndio kitu pekee cha baba ambacho bado kinaota.

Mama alikuwa ameshafika nyumbani. Akatoka, akamkuta mkwe wake amepiga magoti, mkasi umeuma tawi lenye vitumba tele.

"We! Unafanya nini?"

Ningekuwa mimi ningedanganya, sikufichi. Shemeji hakuinuka hata. "Mama, nimeutia ugonjwa mwaridi wa baba. Asubuhi, kwa mkono wangu huu. Nilitaka kukufurahisha. Nakata usije ukafika kwenye shina. Ukitaka kunipiga, nipige, ila niache nimalize kwanza."

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama karani.

"Na huyu wa nusu kichwa?"

"Mteja, mama."

"Mpeni maji, anahema." Kisha akajifunga khanga mkononi, akayashika matawi mengine yenye miiba, akayavuta kando mkasi upite. "Kata."

Jioni hiyohiyo Bibi Harusi aling'olewa na mizizi yake yote, akachomwa moto, na Shemeji macho yakamlengalenga machozi, akasingizia moshi. Akatangaza kwamba kila aliyebebeshewa jicho la Bibi Harusi aung'oe mti wake aulete, atanyolewa bure. Wajanja wakaleta hata michongoma.

Mama naye akatoa amri: kila Jumamosi aje aukague mwaridi mpaka yeye mwenyewe aridhike. Shemeji akawa anakwenda, anageuza jani baada ya jani, mama kasimama juu yake na miwani. Chai ya barazani ikahamia sebuleni. Baadaye ikawa chakula kabisa, na nyama kubwa anapewa yeye, mimi mtoto wa kuzaa nakodoa macho.

Msimu ukapita, machipukizi yakaja, yote kijani tupu. Yule mama wa kitalu akaitwa, akaukagua juu mpaka chini. "Mzima huu," akasema. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Shemeji akajipangusa jasho. "Basi, mama, kazi imekwisha. Sitakusumbua tena Jumamosi."

Mama akavaa miwani yake, akainama, akashika jani moja changa, safi, halina hata doa, akaligeuza huku na huku.

"Hili silielewielewi," akasema. "Jumamosi uje uliangalie."