Siku Premia Alipouliza Kama Anaweza Kukataa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya washauri wa sheria wa jimbo, hapa Durban, Mshauri Mkuu alinikabidhi Katiba mpya hata kabla sijaketi. "Binti," akasema, "usianze na mamlaka ya wakubwa. Anza na mipaka yao." Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka mahakama ya Pinetown, nilikokuwa mwendesha mashtaka. Kuandika miswada, yaani sheria kabla hazijapitishwa, nilijifunza kwake.

Mwaka wa pili, Bunge la jimbo lilipitisha muswada tuliouandika wa leseni za usafiri. Ulimwondolea Premia, ndiye gavana wa jimbo, uwezo wa kuteua bodi ya leseni, ukaipa kamati ya wabunge. Premia hakuufurahia. Asubuhi moja akaja mwenyewe, akaketi mbele ya Mshauri Mkuu. Mkataba wa mzee ulikuwa unakwisha, na wa kuuongeza alikuwa huyo huyo Premia. Nilijibanza kando na faili langu.

"Nikiukataa?"

"Huna uwezo huo, mheshimiwa. Ukiona muswada unavunja Katiba, warudishie wabunge waujadili upya. Wakiushikilia vilevile, utie saini au uupeleke Mahakama ya Katiba."

"Na kama hauvunji Katiba, ila mimi siupendi?"

"Basi utie saini."

Mzee hakuongeza neno la kulainisha. Premia akautazama muswada, akacheka kidogo. "Eish, mzee. Lete kalamu."

Akasaini. Alipoondoka, Mshauri Mkuu alijimiminia chai. Mkataba wake uliongezwa.

Sasa nimestaafu, naishi Sydenham. Miswada niliyoandika mingi imeshafutwa na mingine, wala sisikitiki. Ndiyo kazi yenyewe. Lakini wale watu wawili nawaheshimu hadi leo, aliyesema na aliyesikia.

Juzi nilimsimulia Mama Furaha, Mkongomani anayenisuka saluni kwake South Beach.

"Kwetu gouverneur akisema, imeisha," akasema. "Huyo alikuwa na askari?"

"Alikuwa nao. Walibaki nje, kwenye gari."

"Na akasaini?"

"Akasaini."

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. "Mama," akasema taratibu, akiwaonyesha wateja wote kwa kitana, "rudilia tena, pole pole. Bantu bote basikie."