Udongo Nilioumwaga Njiani

Mwezi uliopita, hapa Gitega, jirani yangu alikuja kuniomba nimsaidie kuhamisha marakuja yake, ile pasheni inayotambaa. Anajenga ukuta, na shina limekaa palepale msingi unapopita. Nikamwambia mgongo unaniuma. Haukuwa unaniuma. Shule niliiacha darasa la sita na kupanga maneno sijui sana, lakini uongo ule umenikalia vibaya, basi wacha nikueleze ulikotoka.

Likizo zangu zote za utotoni nilizimaliza Muyinga kwa bibi. Marakuja yake ilipanda ua wa nyuma, ikavuka paa la jiko, ikaenda kujishika kwa jirani. Asubuhi niliamshwa na mlio wa nyuki wakubwa weusi kwenye maua. Kazi yangu ilikuwa kuokota matunda yaliyoanguka usiku, maana bibi hakutaka tunda la kuchuma. Alisema lililodondoka lenyewe ndilo limeiva. Mwezi wa Ramadhani aliyakamua kwa kitambaa, akatia sukari, na jagi la kwanza lilikwenda kwa jirani, ingawa jirani hakuwa wa dini yetu na hakufunga.

Jirani huyo alikuwa mtu wa kusifu. Akipita uani sauti yake inatangulia: maharage ya huyu yamestawi, mtoto wa yule ana macho mazuri, hata kanga ya bibi iliyopauka aliisifu. Mashallah hakuizoea, kwa hiyo bibi aliisema yeye, polepole, kwa ajili yake, ili sifa isigeuke jicho baya. Miaka yote niliwasikia hivyo. Sifa inatoka kwa mmoja, mashallah inatoka kwa mwingine, na kazi inaendelea.

Bibi alipoanza kuchoka, baba akataka ahamie kwetu Gitega. Alikubali kwa sharti moja, marakuja iende naye, kwa sababu aliyeipanda ni babu. Mvua zilipoanza akachimba upande mmoja wa shina, akaacha wiki, akachimba upande wa pili. Siku ya safari akakata matawi yote mpaka usawa wa goti. Yeye na jirani wakalinyanyua shina pamoja na udongo wake, wakalifunga ndani ya gunia kwa kamba za mgomba.

"Hii marakuja hata ukiikata shingo iko mzuri," jirani akasema. "Kule Gitega itawazalia mpaka mutaikimbia."

Bibi akacheka kwa pua tu. Kamba ilikuwa mdomoni, anaivuta kwa meno.

Lori la mfanyabiashara wa maharage lilikuwa linasubiri juu barabarani. Nikatwishwa gunia. "We mutoto," bibi akaniambia, "huo udongo usipungue hata kijiko. Ukitoka, imekufa."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mzigo ulikuwa mzito kweli, hilo naweza kuapa, lakini mtoto mwingine angerudi kuomba msaada. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, nikafungua fundo, nikakung'uta udongo mpaka mizizi ikabaki inaning'inia kama nywele. Nikatembea mwepesi. Karibu na lori nikajaza gunia mchanga wa kando ya barabara, nikafunga. Bibi akalipapasa, akanisifu kwamba nina nguvu.

Gitega alilipanda shina nyuma ya jiko, akalifunika majani ya mgomba. Kila asubuhi alikwangua gome kwa ukucha kutafuta ubichi, na kila siku alikwangua chini zaidi. Siku ukucha ulipofika ardhini, akakaa kizingitini.

"Siku ile sikusema mashallah," akasema. "Jicho yake imepita."

Nisimwonee bibi. Alijilaumu yeye kwanza. Na labda shina lingekufa hata na udongo wake, jua lilikuwa kali, sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa pale na ndoo mkononi, na nilinyamaza. Jirani alipotutumia unga wa muhogo kwa dereva wa lori, bibi aliurudisha bila kuufungua, na ujumbe kwamba achunge jicho lake. Nikanyamaza tena. Bibi alifariki hawajasalimiana.

Wiki iliyopita nilikwenda Muyinga. Jirani yupo, anatembelea fimbo. Nilimweleza yote huku anachambua maharage.

"Bon," akasema. "We ulikuwa mutoto. Udongo iko nzito."

Nikadhani yamekwisha. Akatupa kijiwe pembeni.

"Lakini mi niliamini bibi yako. Hakukuwa mutu ya uongo. Nikasema, kumbe jicho yangu iko mbaya. Tangu ile siku sijasifu kitu ya mutu. Wajukuu yangu iko saba. Hakuna hata moja nimemwambia iko mzuri."

"Sasa si unajua, mama," nikamwambia. "Waambie."

Mmoja wao alikuwa ametuletea chai, nywele zimesukwa upya. Bibi yake akamtazama muda mrefu, midomo ikacheza, kisha akarudi kwenye maharage. "Ulimi imeshazoea," akasema.

Nyumba ya bibi imeuzwa, ua ule sasa ni ghala. Hayo nayavumilia, nyumba huuzwa. Ila kuna watoto saba waliokulia mtaa uleule, na hawajui kwamba zamani hapakuwa na mtu hodari wa kusifu kama bibi yao.