Kisu cha Morgart Mezani kwa Solange

Mwaka ule kiwanda cha visu cha Vauclin kilipouzwa kwa washindani wao, Morgart, Solange Queloz alisugua sufuria zake mpaka zikaanza kuchubuka. Ndivyo alivyokuwa. Hasira yake haikuanzia mdomoni, ilianzia mikononi. Mumewe Germain akisikia vyombo vinagongana jikoni alivaa viatu akaenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha Solange. Tangu amalize shule kazi yake ilikuwa kuunganisha visu vya kukunja, vile vya mfukoni vyenye zana kibao. Unapanga ubapa mkubwa na mdogo, mkasi, msumeno, kizibuo na kifungua kopo, kila kimoja na springi yake, unapitisha pini za shaba, unazigonga kwa nyundo ndogo, halafu unafungua na kufunga huku umetega sikio. Kisu kizuri cha Vauclin kilijifunga kwa mlio mfupi, mkavu, kama mtu aliyekwisha kata shauri. Baba yake naye alizeekea palepale, kwenye mawe ya kunolea. Nyumbani kwao jina la Morgart, wale wa ng'ambo ya milima wanaosema Kijerumani, lilitamkwa kama jina la mwizi wa ng'ombe.

Kisha mdogo wake, Edith, akaolewa na mtu wa Morgart.

Alois Betschart alikuwa msimamizi wa karakana kule kwao, mnene, mcheshi, Kifaransa chake kinachechemea. Kila Novemba walipokuja kwa Sikukuu ya Mtakatifu Martin, wakati nguruwe wamechinjwa na kijiji kizima kinanukia mafuta, ubishi ulianza kabla hajavua koti.

"Shemeji, mkasi wenu bado unakata siagi?"

"Unakata. Na ndimi ndefu pia."

Ulikuwa utani, na ulipita. Lakini mwaka ule utani ulikuwa umekwisha. Mwezi wa tatu Bwana Vauclin, mwenye kiwanda, aliwakusanya wafanyakazi uani akawaambia, machozi yakimlengalenga, kwamba amepigana kadiri ya uwezo wake, kwamba kisu chao hakina mfano, ila dunia haina shukrani. Akauza. Ifikapo Krismasi jina la Vauclin lingekuwa limefutwa kwenye mipini yote.

Kwa hiyo siku ya sikukuu Solange alipakua jeli ya nguruwe akigonga kijiko kwenye kila sahani. Alipoleta soseji za damu na mchuzi wake wa matofaa, akakuta mbele ya kila sahani kuna kiboksi. Ndani ya kiboksi chake mlikuwa na kisu cha Morgart, kipya, kimechongwa SOLANGE kwenye mpini.

"Zawadi ya familia," Alois alisema, uso umemchanua. "Sasa tuko kampuni moja, shemeji. Mambo ya nyinyi na sisi yamekwisha."

Solange aliliweka bakuli chini polepole mno. "Mmetumeza, halafu unaniletea mfupa wenye jina langu?"

"Jamani, mimi sikununua kiwanda. Nimenunua visu tu."

"Alois, kirudishe mfukoni," Edith alimnong'oneza mumewe.

"Asikirudishe!" Solange alitoa cha kwake kwenye mfuko wa aproni. "Tunavipima. Hapahapa. Tuone nani alistahili kummeza mwenzake."

Walianza na divai. Kizibuo cha Vauclin kiliingia kama kinarudi kwake, kizibo kikatoka kizima. Cha Morgart kilikatia kizibo shingoni mwa chupa, na Edith akachuja divai kwa kitambaa. Wakaja kwenye mkasi. Solange alikata uzi wa kufungia nyama, kisha ngozi ngumu ya paja la nguruwe, kwa mkato mmoja. Wa Morgart uliitafuna ile ngozi kama mzee asiye na meno.

"Ongea sasa," Solange alimwambia.

"Lete kopo," Alois alijibu.

Kopo la njegere liliwageuzia kibao. Kifungua kopo cha Morgart kilizunguka mara moja bila kukwama, ilhali cha Vauclin kiliruka, kikararua bati, kikamwagia Solange maji ya njegere kifuani. Hakujifuta. Alichukua mfupa wa bega, akaubana ubavuni mwa meza, akafungua msumeno. Alikata kwa nguvu zote za miezi ile, ameuegemea mkono, meno yameumana.

Germain, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno matano, aliruka kutoka kitini.

"Solange, acha! Usikikandamize hivyo, kitakukunjikia!"

Mkono ulisimama. "Kitanikunjikia? Wewe umejuaje?"

Germain alikitazama kidole chake cha shahada, kile chenye kovu lililokizunguka kama pete, kisichokunjika sawasawa tangu alipoumia miaka mingi nyuma. Solange ndiye aliyekifunga bandeji siku hiyo. Aliambiwa ni seng'enge ya malishoni. Sasa Germain akaingiza mkono mfukoni akatoa kisu, akakiweka kando ya soseji. Kilikuwa cha Morgart, kikuukuu, mpini umechakaa kwa jasho la mkono wake.

"Chao kina komeo," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifungua, ubapa haurudi mpaka uubonyeze. Chetu hakina. Nilikuwa nachonga nguzo."

"Uliniambia seng'enge."

"Ningekuambiaje? Kwamba kisu ulichokiunganisha wewe ndicho kilichonikata?"

"Ndiyo! Maneno hayohayo!"

"Ungelia."

"Ningekasirika!"

"Ndicho nilichoogopa zaidi."

Edith alicheka bila kukusudia, akajiziba mdomo. Solange alimwangalia mumewe kama anayemwona mgeni mlangoni. Miaka yote hiyo mwanamume huyu alikuwa akienda msituni na adui mfukoni, anarudi, anakaa mezani, anamsikiliza akimtukana huyo adui, na anaitikia! Solange alitoka nje bila koti.

Alikaa kwenye banda la kuni. Alitaka kumchukia Germain, na kwa muda aliweza. Alitaka pia kumchukia Alois, akaweza zaidi. Lakini neno lile, komeo, lilikataa kumtoka kichwani. Alilijua. Roland, mzee wa meza ya matengenezo, alikuwa akija na visu vilivyorudishwa na wateja, anaviweka mbele ya bosi na kusema, tuweke komeo, watu wanaumia. Na Bwana Vauclin alikuwa akishuka ngazi katika suti yake, anajibu ili wote wasikie: "Ajuaye kutumia kisu hahitaji komeo, Roland. Labda wewe." Karakana nzima ilikuwa ikicheka. Walikipenda kisu chao.

Alois alimfuata na koti. "Shemeji, utaganda."

"Nyinyi mliweka lini komeo?"

"Zamani, kabla sijamjua Edith. Mwenzetu mmoja alikatika mshipa. Mabosi walisema ni ghali, ni uzembe wake. Tukaweka nyundo chini mpaka wakakubali."

"Mligoma?"

"Tuligoma."

Solange alilivaa koti. "Sisi tulicheka," alisema.

Wiki iliyofuata ilikuwa Revira, pale kijiji kinapokaa tena kumalizia nguruwe, safari hii wote pamoja katika ukumbi. Mgeni wa heshima alikuwa Bwana Vauclin, ameletwa kutoka nyumba yake mpya ya kando ya ziwa. Kabla ya kabichi chachu alisimama na glasi.

"Rafiki zangu, hakuna kisu kilichopata kukishinda cha kwetu. Walitushinda kwa matangazo tu!"

Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta macho. Solange akasimama.

"Uongo."

"Bi Queloz," Vauclin alisema kwa tabasamu la kumbembeleza mtoto, "leo ni sikukuu. Hapa si mahali pake."

"Basi ni wapi? Karakanani ulikuwa unashuka kuongea, si kusikiliza. Mkasi wetu uliwashinda, na kizibuo kiliwashinda. Nimevipima mezani kwangu, kwa hasira, na sikuwapendelea. Lakini tulikuomba komeo! Kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha, ukatufanyia mzaha. Mume wangu amekatwa na kisu chetu akanificha, kwa sababu uliniaminisha kwamba mtu akijikata ni mjinga. Germain, simama!"

Germain angependa ardhi immeze. Hata hivyo alisimama, akainua mkono wenye kovu.

"Kila mtu hujikata," Vauclin alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

Kutoka meza ya pembeni mjane wa Roland, kizee mfupi aliyevaa nyeusi, aliuliza bila kunyanyuka: "Marehemu wangu alikuomba mara ngapi? Mimi nilichoka kumsikia."

Vauclin aliiweka glasi mezani. Aliondoka kabla kabichi haijaletwa.

Si wote waliofurahi. Mwenye bucha aliacha kumsalimia Solange, na kuna waliosema amemdhalilisha mzee aliyewalisha wazazi wao. "Tulijilisha wenyewe," aliwajibu, "yeye alikuwa anahesabu." Na Morgart nao hakuwabembeleza. Jina lilifutwa kabla ya Krismasi kama ilivyosemwa. Meneja mpya alipokuja na hotuba ya ukaribisho, Solange alikaa amekunja mikono, kisha akauliza mbele ya wote kama ni kweli wanataka kuutupa mkasi wa Vauclin. Mkasi ulibaki. Hakumshukuru mtu.

Na Germain hakuongeleshwa mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka. Asubuhi hiyo aliambiwa, "Ukiumia tena uniambie ni nini, hata kama ni mimi," naye akasema sawa, wakanywa kahawa.

Solange alifanya kazi pale mpaka akastaafu, akipachika makomeo kwenye visu vyenye jina asilolipenda. Mara moja tu alikutana na Bwana Vauclin, kwenye duka la mikate mjini Porrentruy. Mzee alivua kofia na kumsogelea, mdomo umefunguka kutaka kusema kitu. Solange alichukua mkate wake, akampita, akafunga mlango nyuma yake.