Chumvi ya Samaki wa Akilimali

Zulaikha, fundi cherehani wa Kamembe, mji ulio kando ya ziwa, hakujaliwa mtoto. Alijaliwa samaki watatu, bapa, weupe kama sahani mpya, ambao mumewe Akilimali, dereva wa lori, aliwatoa pwani, kwenye mikoko, pale mto unapokutana na bahari. Maji yao si ya ziwa, si ya bahari. Ni ya katikati. "Onja," Akilimali alimfundisha. "Yakifanana na machozi, basi." Chumvi yenyewe ilikuwa ya mawe, ya baharini, aliyoileta kwa lori lake na kuiweka jikoni, maana ile ya dukani haiwafai. Ndani ya tangi la kioo, chini kabisa, alitandaza makombe ya chaza ili maji yawe magumu; maji laini, alisema, huwalegeza. Mtaa ulicheka: ziwa lote hili, nyinyi mnaungia samaki maji! Zulaikha hakujali. Kila safari Akilimali alipiga simu: "Watoto wangu wamekula?"

Safari ya mwisho lori lilipinduka kwenye kona za msitu wa Nyungwe. Wakamleta, wakamzika, na Zulaikha akaingia chumbani kukaa eda. Sebuleni, lilipo tangi, walijaa wanaume wa rambirambi, hakuweza kutoka. Alimwomba Mungu jambo moja tu, wale watatu wamsalie.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuja, jamani! Béatrice, jirani aliyetoka Bukavu, ndiye aliyeishika nyumba: akafagia, akapika, akafua. Kule chumbani Zulaikha alisikia maji yakimwagwa ndoo kwa ndoo, akadhani wanadeki. Akaletewa pilau, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamshukuru Mungu kwa majirani.

Alasiri, wanaume walipoondoka, akatoka. Kioo kimetakata, maji meupe pe. Makombe hayapo. Samaki wamelala ubavu, wanatweta.

"Ona, Maman Zulaikha!" Béatrice alisema kwa furaha. "Ile mayi ilikuwa chumvi tupu, na buchafu ya mawe-mawe chini. Nimemwanga yote. Nimezipatia mayi ya mvula, mayi ya Mungu."

"Chumvi," Zulaikha alisema. "Ule mfuko wa jikoni uko wapi?"

"Ile ya mawe? Si tumepikia pilau? Batu bote bamesifu."

Ewe Mola! Naye alikuwa ameila. Dukani ilikuwepo ya kupikia tu, na aliyekuwa akiileta ile nyingine alikuwa kaburini.

Kabla ya magharibi wote watatu walikuwa wanaelea. Béatrice akashika kinywa. "Zimekufa na nini, maman? Ni mie?"

Zulaikha aliitazama mikono ya yule mama, ilivyochubuka kwa kubeba ndoo. Alitaka kupiga kelele, wallahi alitaka.

"Siku zao zimefika," akasema. "Asante kwa kazi."

Akarudi chumbani kukaa eda yake. Sebuleni sasa hakukuwa na wa kumsubiri atoke.