Kikopo Ndani ya Mifuko Minne

Dada wa dirisha la maabara ana vidole vyepesi vya kufungua mafundo. Watu humletea kikopo chenye choo, kipimwe damu isiyoonekana kwa macho kabla saratani ya utumbo mpana haijaota mizizi, na kila mmoja hukifungafunga kama magendo. Yeye alizoea kukiinua juu na kutangaza kwa sauti ya mnadani, "Baba, umeficha dhahabu?" Mwezi uliopita alitimiza miaka arobaini na mitano, umri wa kuanza kupimwa, akapanga foleni na kikopo chake. Mwenzake akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. "Dada, hata wewe?" Mwenye kikopo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Majibu yalikuwa safi. Tangu siku hiyo mafundo ya watu huyafungulia chini ya meza, taratibu, huku akiwauliza habari za watoto.