Shamba Langu Halipigishi Mtu Magoti

Mwanangu Mwenda, weka simu chini uketi. Ile video uliyotuma kwenye kikundi nimeonyeshwa na jirani, wala hakuwa akicheka. Nimeona mtu mzima, rika la mjomba wako, amepiga magoti barabarani mbele ya shamba langu hapa Mitunguu, na wewe umemsimamia na panga, watu wakicheka. Kosa lake ni ndizi mbili. Mbili! Tena zilizoivia mkunguni, ambazo ndege walikuwa wameshaanza kuzidonoa. Nimekasirika, na sitaificha hasira yangu eti kwa sababu wewe ni mtoto wangu.

Nakumbuka siku moja nikiwa na umri kama wako. Kanisa lilinichagua mimi na Mzee M'Ikiara wa Kiirua tuende mkutano Amerika ya Kusini. Mkutano ulipoisha, tukapanda basi kwenda kuwatembelea waumini wengine upande wa milimani. Nchi ile ni tupu, mwanangu. Tulisafiri kutwa nzima bila kuona moshi wa jiko, ni upepo na vichaka tu, hata Gachoka wakati wa kiangazi ungeiita bustani. Kisha basi likaharibika. Tukatembea na jua, matumbo matupu, mpaka tukafika kwenye mashamba ya zabibu, zile wanazotengenezea mvinyo. Mistari kwa mistari ya kijani, maji yakipita kwenye mifereji, na nyuma yake milima yenye theluji. Mzee M'Ikiara, ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya asali ya babake, alisema, "Hawa watu wanalewea mahali pazuri."

Mimi nilikuwa na njaa, nikafanya tunavyofanya kwetu. Unajua, au ulipaswa kujua: msafiri mwenye njaa huingia shambani, hula pale pale akiwa amesimama, na maganda huyaacha wazi ili mwenye shamba ajue ni njaa iliyopita, si mwizi. Kubeba ndio mwiko. Nilikula kichala kimoja tu, nikatundika kikonyo chake juu ya waya.

Kijana wa shamba akaja mbio. Alinishika shati, akanionyesha chini kwa kidole. Lugha hatukuelewana, lakini kidole nilikielewa. Nikapiga magoti, wavunaji wakitazama. Hata leo nikikumbuka, uso unaniwaka. Mzee M'Ikiara hakuwa ameonja hata zabibu moja. Alikuwa na mvi, na goti moja lilikuwa bovu. Aliweka fimbo yake chini, akapiga magoti kando yangu kwenye vumbi. Yule kijana akamwangalia, akageuza uso, akatupungia mkono tuondoke.

Njiani nikaanza kuapa kwa sauti. Nilisema nikipata shamba langu, mgeni atakayeligusa atajuta. Mzee akasimama, akanikaripia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Koma, kijana! Unataka kuwa kama yule? Apa vingine. Sema shamba lako halitapigisha mtu magoti. Na uape saa hii ukiwa na njaa, kwa sababu ukishiba utasahau."

Niliapa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hivyo kiapo hicho nimekishika maisha yangu yote, hata miaka ambayo mavuno yalikuwa mazuri. Wewe umekivunja asubuhi moja, kisha ukatafuta watu wa kukupigia makofi.

Unaniambia, "Lakini baba, tukimwachilia huyo, si kesho atakuja na pikapu?" Wa pikapu tunamjua, na huyo mwitie chifu. Huyu ametoka Gachoka kwa miguu kutafuta kibarua. Nimeenda kwenye mgomba nikayaona maganda, ameyaweka mahali pa wazi. Desturi yetu anaijua kuliko wewe, na hilo linanichoma kuliko yote, maana watu watasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi nisikilize. Linda shamba, lakini usimvunjie mtu heshima kwa kitu ambacho angekiomba ungempa. Njaa si wizi. Milima haikutani lakini binadamu hukutana, na nchi za mbali ziko nyingi, hujui utapita ipi ukiwa huna kitu.

Yule mtu yuko sokoni anabeba matofali. Kata mkungu, uubebe begani mwenyewe, usipande pikipiki. Mpe kwa mikono miwili, umwombe msamaha mbele ya wale wale waliokuwa wakicheka. Kama huendi, nitaenda mimi. Goti langu sasa ni bovu kama la M'Ikiara, lakini nitalipiga mbele yake barabarani, na wewe uchukue video.

Ukienda, Mungu akutangulie. Akupe mvua kwa wakati wake na migomba isiyovunjwa na upepo. Na popote njaa itakapokukuta, akukutanishe na mwenye shamba aliyefundishwa na babake.