Rupia Yenye Matundu Mawili

Kazi yangu watu hawaiamini. Nikisema naandika katalogi za mnada wa sarafu za kale, majirani zangu hapa Mbeya hudhani naona aibu kusema sina kazi. Lakini ndiyo inayonilisha tangu nilipoacha kufundisha historia. Kampuni ya mnada iko Ulaya, mimi niko kwangu na kompyuta na rafu ya katalogi za zamani. Wao hunitumia picha za sarafu za enzi ya Mjerumani, pande zote mbili, pamoja na uzito na kipenyo. Mimi natafuta kama ni halisi au ya kughushi, imechakaa kiasi gani, na imepita mikononi mwa nani. Kisha naandika aya moja fupi ambayo tajiri fulani ataisoma kabla hajanyoosha mkono.

Hilo la sarafu kupita mikononi mwa nani ndilo linalonipandisha hasira. Wauzaji ni waongo, mnisamehe, lakini ndivyo walivyo. Kila mmoja sarafu yake aliachiwa na babu aliyekuwa mpishi wa gavana. Ningewaamini wote, gavana yule angekuwa na wapishi wa kujaza uwanja wa mpira. Kwa hiyo maneno ya muuzaji siyaweki kwenye katalogi mpaka yapate shahidi, na shahidi wangu ni makovu. Sarafu mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja siku moja, lakini haziwezi kugongwa na kukwaruzwa sawasawa. Naweka picha ya leo kando ya picha ya zamani, nalinganisha kovu kwa kovu. Yakilingana, ni yenyewe, na hapo sibishani na mtu.

Kipupwe kilichopita nilitumiwa fungu la rupia za fedha. Nyingi zilikuwa za kawaida tu. Moja ilikuwa na matundu mawili: la kwanza lilikuwa limelika mpaka ukingoni likawa pengo, na la pili lilitobolewa pembeni yake. Nikaanza kuandika bila huruma: "Imeharibiwa, imetobolewa mara mbili." Nikaikuza picha niutazame uso wa mfalme wa Ujerumani. Mkwaruzo ulianzia kwenye kofia yake ya chuma, ukashuka shavuni, ukafika kwenye masharubu na kupinda. Nikaacha kuandika, kwa sababu mkwaruzo ule niliujua kwa kidole gumba kabla sijajua kusoma.

Bibi yangu mzaa mama aliivaa rupia ile shingoni siku zote nilizomfahamu. Nikiwa mtoto nilikaa mapajani mwake huko Iringa nikimpapasa mfalme shavu, naye akiniacha, maana nikiipapasa nilikuwa situkuti. Alipofariki nilikuwa mtu mzima. Nilimwona kwenye jeneza, shuka imefika kidevuni, nikajua anakwenda nayo. Hakuna aliyesema hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Nilitoa albamu, nikatafuta picha ya harusi yangu, ambayo bibi amesimama mbele kabisa, rupia shingoni, akiwa amenuna kwa sababu ya jua. Niliiskani, nikaikuza, nikaiweka kando ya ile ya mnada. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliomba makovu yasilingane. Yalilingana yote. Nikatoka nje nikasimama uani bila kujua nimefuata nini. Mtu alikuwa amefukua kaburi la bibi yangu.

Niliwaandikia wenye mnada kuuliza imetoka wapi, nikijifanya ni swali la kazi. Walijibu kwamba mwenye nayo ni mkusanyaji mzee aliyeinunua Iringa pamoja na nyingine, na kama naweza kupata historia yake watashukuru sana, wanunuzi wanapenda historia. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi. Pale Chimala abiria wenzangu waligombania mchele dirishani, mimi nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama.

Sikwenda kwa mama. Nilipitiliza makaburini, nikapiga magoti, nikakagua saruji ile kama ninavyokagua ukingo wa sarafu. Haikuwa na ufa. Haikuwa imezibwa upya popote, na ukoga wa kijani ulikuwa umekaa sawasawa kote. Badala ya kupumua nikazidi kuchanganyikiwa. Kama kaburi halikuguswa, basi aliyeichukua aliichukua kabla ya jeneza kufungwa, na waliomwosha bibi ni wawili tu, mama na mama mdogo. Nilimhukumu mama mdogo palepale. Sijawahi kumpenda.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Baada ya salamu ya kamwene na habari za safari, nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hiyo nilimvua mimi," akasema.

Nilimkodolea macho.

"Usinitolee macho. Aliniagiza mwenyewe. Alisema nisimzike nayo, na humu ndani isibaki."

"Lakini mama, lilikuwa pambo lake."

"Nani kakwambia ni pambo? Hiyo ni bei ya mama yake."

Akanisimulia huku mikono ikiendelea na maharage. Ile njaa iliyokuja baada ya vita vya Wajerumani, mama yake bibi alikuwa mtoto mdogo. Baba yake alimpeleka kwa watu waliokuwa na chakula, wakambakiza yule mtoto, wakampa baba rupia ile. Akazunguka nayo, hakupata mtu wa kumuuzia hata kibaba cha ulezi. Akarudi na rupia ileile amchukue mwanawe. Wakakataa. Basi akampa mtoto ile rupia, akaondoka. Mtoto aliivaa mpaka uzee ili watu wajue baba yake alirudi, na bibi akairithi.

"Sasa bibi aliikataa kwa nini?"

"Alisema, nikikutana na mama huko niendako, asiione tena. Akataka niitupe mtoni." Mama akapuliza maganda. "Fedha haitupwi, mwanangu. Nilimpelekea sonara, yule Mhindi wa pale mjini. Msiba ulikuwa hauna sukari."

Chai ya msiba ule niliinywa. Nakumbuka niliongeza kikombe. Nilikaa pale kwenye kigoda, na kitu kibaya zaidi ni kwamba kichwa changu kilikuwa kinaendelea na kazi: shahidi yupo, picha ipo, makovu yanalingana, aya hii itapandisha bei maradufu.

Nilimweleza mama hivyo hivyo, sikumficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Minada anayoijua yeye ni ya ng'ombe.

"Watasimama watu, wapandishiane?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye utakayewasomea habari zake?"

"Nitaziandika. Nikikubali."

Aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo watamnunua tena."

Nikamwambia ndiyo.